Mwanamke ndani ya chumba: mwongozo kamili wa kuchora picha ya mafuta kwa mtindo wa kiakademia

Mwaka 1866 Auguste Toulmouche, mchoraji Mfaransa mzaliwa wa Nantes, alichora msichana anayeandaliwa kuolewa. Amekaa kitini, amenuna, anamkazia macho anayemtazama. Wenzake wanambembeleza, na nyuma yao binti mdogo anajijaribishia taji la maua mbele ya kioo. Mwishoni mwa 2023 picha hiyo ilisambaa sana mitandaoni kwa sababu ya uso ule. Lakini uso ule una nguvu kwa sababu kila kilichouzunguka kimetulizwa kwa ustadi: satini, kiti, ukuta, mwanga unaotoka upande mmoja. Mwongozo huu unahusu ustadi huo, yaani jinsi ya kuchora mwanamke mmoja aliyeketi chumbani, tangu karatasi ya kwanza hadi vanishi.

Toulmouche alijifunza kwa Charles Gleyre, mwalimu yuleyule aliyewapokea wachoraji Monet na Renoir miaka ya 1860. Katika karakana kama hizo, na katika École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya Paris iliyofundisha mtindo huu wa kiakademia, utaratibu ulikuwa thabiti: vichoro vidogo vya kupanga picha, mazoezi ya kichwa na mikono, mchoro wa ukubwa kamili, rangi ya kwanza nyembamba, ndipo umaliziaji. Kila hatua inatatua tatizo moja tu. Anayeruka hatua hujikuta anatatua umbo, mwanga na rangi kwa pamoja juu ya rangi mbichi, na hapo ndipo picha nyingi za namna hii hufia.

Dirisha kwanza

Vitabu vya Ulaya husisitiza dirisha la kaskazini. Sababu ni kwamba Paris au London jua halipiti upande huo, kwa hiyo mwanga haubadiliki sana kutwa nzima. Karibu na ikweta ushauri huo unapotosha. Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Kigali au Bujumbura, jua huwa upande wa kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo miezi hiyo tumia dirisha la kusini. Kuanzia Oktoba hadi Machi geuza, utumie la kaskazini. Ukiwa na dirisha la mashariki au magharibi tu, fanya kazi katika nusu ya siku ambayo jua liko upande wa pili wa nyumba.

Tumia dirisha moja. Mengine yazibe kwa kitambaa kizito. Nusu ya chini ya dirisha lenyewe izibe pia, ili mwanga umfikie mwanamke kutoka juu kwa pembe ya takriban digrii 45. Mwanga wa chini huondoa kivuli cha pua na kidevu, uso ukawa bapa. Mketishe mita moja na nusu hadi mbili kutoka dirishani. Akikaa karibu zaidi, upande mmoja wa uso utawaka na mwingine utazama gizani, kwa sababu mwanga wa dirisha hupungua haraka sana katika mita ya kwanza.

Nyumba nyingi za pwani zina kuta nyeupe, na kuta nyeupe hurudisha mwanga kila upande. Kivuli kinakuwa dhaifu, na bila kivuli mtindo huu hauna kitu. Tundika shuka ya rangi ya kahawia au bluu nzito upande wa kivuli, mita moja hivi kutoka kwa mwanamke. Utaona shavu linapata mviringo papo hapo.

Weka alama za chaki sakafuni kwa miguu ya kiti, ya mkaaji, na ya stendi yako. Mkaaji akae dakika 20 hadi 25, kisha apumzike dakika 5 au zaidi. Chagueni saa moja ya siku na mshikamane nayo: mwanga wa saa tatu asubuhi na ule wa saa nane mchana ni picha mbili tofauti.

Kupanga picha

Chora vichoro vidogo kumi hivi, kila kimoja sentimita 8 kwa 10, kwa mkaa, ukitumia ngazi tatu tu: nyeusi, kijivu, nyeupe. Usichore macho wala vitasa. Unachotafuta ni mpangilio wa mabaka ya giza na mwanga. Kichoro kizuri kinasomeka ukiwa mita tatu mbali: unaona mwanamke yuko wapi na jicho linaanzia wapi. Kwa picha ya ndani ya chumba, kinachofaa mara nyingi ni baka moja kubwa la mwanga (nguo na uso) ndani ya kijivu, na giza dogo karibu na kichwa ili uso ujitokeze.

Amua urefu wa jicho lako mapema. Mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha kawaida ana macho kwenye kimo cha mita 1.1 hadi 1.2 hivi kutoka sakafuni. Ukichora umeketi, mstari wa upeo (kimo cha jicho lako) unapita machoni pake na mtazamaji anajiona yuko chumbani naye. Ukichora umesimama, sakafu inapanda, uso wa meza unaonekana, na yeye anaonekana mdogo. Njia zote mbili ni halali, ila usizichanganye. Kosa la kawaida sana ni kumchora mwanamke ukiwa umekaa, kisha kuchora meza ukiwa umesimama. Meza inaonekana kama inateleza kuelekea mbele, na wengi huhangaika na rangi yake bila kujua kuwa tatizo ni jicho.

Vitu vya chumbani viwe vichache na kila kimoja kiwe na kazi. Barua, kioo, maua, kikapu cha ushonaji: wachoraji wa Paris walivitumia kusimulia bila maneno. Barua iliyofunguliwa mapajani inasema jambo tofauti na barua iliyofungwa mezani. Vitatu vinatosha. Vikizidi, macho ya mtazamaji huanza kuhesabu mali.

Mchoro wa ukubwa kamili

Kipimo kinachofaa ni sentimita 65 kwa 54, ile fremu namba 15 ya Kifaransa iliyotumika sana kwa picha za watu. Chukua karatasi ya ukubwa huohuo. Ning'iniza timazi, uzi wenye jiwe au nati mwishoni, kati yako na mkaaji, kisha uulize: uzi ukipita kwenye kona ya jicho, chini unagusa wapi? Bega? Kifundo cha mkono? Goti? Mstari huo mmoja utakuonyesha makosa ambayo jicho limeshayazoea.

Mikono ichore peke yake kwenye karatasi nyingine, mara mbili au tatu, kabla ya kuiweka kwenye mchoro mkuu. Anza na umbo la nje la kiganja na vidole vyote pamoja kama kitu kimoja, kisha ndipo utenganishe vidole. Anayeanza na kidole kimoja kimoja hupata mkono mrefu kupita kiasi, kwa kuwa kila kidole kinaongezewa kidogo.

Kanvasi

Kitani ndicho bora, lakini merikani nzito inafaa ikiandaliwa vizuri. Kata kitambaa cha sentimita 75 kwa 64, ili kila upande ubaki na sentimita tano za kukunjia. Piga pini ya kwanza katikati ya upande mmoja wa fremu, ya pili katikati ya upande unaotazamana nao, kisha pande mbili zilizobaki. Toka hapo uelekee kwenye pembe, pini kila sentimita tano, ukivuta kwa zamu. Ukianzia kwenye pembe utapata mikunjo ya mshazari isiyoondoka.

Gundi ya ngozi ya sungura, waliyotumia wachoraji wa karne ya 19, hunywa unyevu wa hewa, ikavimba na kunywea, na rangi ya juu ikapasuka. Kwa Zanzibar, Tanga au Lamu iache kabisa. Paka mkono mmoja wa kimiminika cha akriliki kisicho na rangi (medium), ukauke, kisha jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi) mikono minne myembamba, uzito wake uwe kama tui la kwanza. Kila mkono upake kukata uelekeo wa uliotangulia. Piga msasa namba 220 baada ya mkono wa pili, na namba 320 baada ya wa mwisho. Mtindo huu unataka uso laini, kwa kuwa vinundu vya kitambaa huharibu ngozi ya uso.

Kanvasi nyeupe hudanganya jicho: kila rangi unayoweka inaonekana nzito kuliko ilivyo. Kwa hiyo changanya amba mbichi (kahawia ya udongo) na altramarini (bluu nzito) kidogo katika tapentaini, paka nyembamba, kisha futa kwa kitambaa hadi ubaki na kijivu cha wastani. Acha siku moja au mbili.

Kuhamisha mchoro, sugua mkaa nyuma ya karatasi, ibandike kwa tepu, pitia mistari kwa penseli ngumu, kisha imarisha mistari kwa amba nyembamba na brashi ndogo. Pangusa vumbi la mkaa kabla ya kuendelea, la sivyo litachafua rangi zote za mwanga.

Rangi za paletini

Rangi tisa zinatosha: nyeupe ya titani, oka ya manjano, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), amba mbichi, nyekundu ya kadmi, alizarini ya aina ya kudumu (nyekundu iliyokolea), altramarini, viridiani (kijani) na nyeusi ya mfupa. Nyeupe nunua tyubu ya mililita 150 au 200, nyingine mililita 40 zinatosha. Nyekundu ya kadmi inachukua nafasi ya vermilioni ya zamani, iliyotengenezwa kwa zebaki. Nyeupe ya risasi, waliyoitegemea wachoraji wengi wa wakati ule, ni sumu. Usiitafute, na hasa usipige msasa picha ya kale usiyojua imechorwa kwa rangi gani. Nyeupe ya zinki nayo iepuke kwa picha hii, kwani ikikauka inakuwa kavu mno na hupasuka.

Kuna rangi moja ya zamani ambayo huenda ukaikuta inasifiwa: kahawia ya lami. Ina joto na kina cha kupendeza siku ya kwanza, lakini haikauki sawasawa. Rangi iliyo juu yake inakauka, yenyewe inaendelea kujongea, na matokeo yake ni nyufa pana nyeusi. Picha kubwa ya mchoraji Mfaransa Géricault ya chelezo cha manusura wa meli ya Méduse, ya mwaka 1819, imeharibiwa kwa kiasi kikubwa na lami. Kahawia yako itoke kwa siena iliyochomwa na altramarini.

Rangi ya kwanza

Siku ya kwanza ya rangi, shika amba mbichi na tapentaini tu. Jaza vivuli vyote vya picha nzima, vyembamba, bila nyeupe. Amba hukauka haraka kwa sababu ya manganizi iliyomo, ndiyo maana inaanza. Nyeusi ya mfupa hukauka taratibu, kwa hiyo isiwe ya kwanza.

Kisha funika kanvasi yote kwa rangi halisi zilizokaribiana na mwisho, bado bila kuongeza mafuta. Ukuta, sakafu, nguo, ngozi, nywele, vyote siku mbili au tatu. Usimalizie chochote. Lengo ni kuona mahusiano: je, nguo ni nyepesi kuliko ukuta kwa kiasi gani? Rangi ya shavu huwezi kuijua hadi ukuta ulio nyuma yake uwepo.

Kanuni ya mafuta: tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu liwe na zaidi. La kwanza, rangi na tapentaini. La pili, rangi ya tyubu kama ilivyo. La tatu, rangi pamoja na matone ya mchanganyiko wa mafuta ya kitani fungu moja na tapentaini mafungu mawili. Ukigeuza mpangilio huo, tabaka la juu linakauka kabla ya la chini na kupasuka. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukiza kama maji. Yanavuta oksijeni ya hewa na kugeuka kuwa utando mgumu, kwa hiyo picha inahitaji hewa na mwanga. Ukiifungia kabatini itakawia kukauka na itageuka manjano.

Hatari moja isipuuzwe. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikirundikwa vinajipasha joto vyenyewe hadi kuwaka moto, bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vizamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Na fungua dirisha unapotumia tapentaini.

Ngozi

Kabla mkaaji hajaketi, andaa paletini mafungu matano ya rangi yake: mwanga, nusu mwanga, nusu kivuli, kivuli, na mwanga unaorudi kutoka ukutani. Kwa ngozi nyeupe anza na nyeupe mafungu sita, oka mawili, nyekundu ya kadmi kiasi cha punje. Nusu kivuli ipoozwe kwa viridiani kidogo. Kwa ngozi ya maji ya kunde anza na siena iliyochomwa matatu, oka mawili, nyeupe moja, na altramarini kidogo. Kwa ngozi nyeusi, siena matatu kwa altramarini moja ndiyo mwili wa rangi, na amba inaongezwa inapohitajika.

Sasa jambo ambalo vitabu vya Ulaya vilivyoandikiwa ngozi nyeupe havikusema. Ukiipa ngozi nyeusi mwanga kwa kuongeza nyeupe peke yake, inapauka na kuwa ya majivu. Nyeupe ya titani inapoza rangi na kuifanya isipenye mwanga, wakati uzuri wa ngozi hiyo uko katika joto na kina chake. Panda kwenye mwanga kwa oka na nyekundu kwanza, nyeupe iwe ya mwisho na chache. Kisha ile ming'ao midogo ya paji la uso, ncha ya pua na mfupa wa shavu uiweke kwa nyeupe yenye altramarini, kwa mguso mmoja, bila kuisugua. Ming'ao hiyo ina kingo kali kuliko kwenye ngozi nyeupe na inabeba rangi ya dirisha. Ukiisambaza, uso mzima unapoteza mshiko.

Sehemu yenye giza zaidi haiko pembeni kabisa mwa shavu. Iko pale mwanga unapokoma, na baada yake kuna mwanga hafifu unaorudi kutoka ukutani. Huo unaorudi usiwe mkali kamwe kuliko sehemu yoyote iliyo kwenye mwanga wa dirisha. Kosa hili ndilo linalofanya nyuso zionekane kama bati. Vivuli vipake vyembamba, mwanga mzito zaidi. Mpaka kati yao uulainishe kwa brashi laini kavu, kwa miguso michache, rangi ikiwa bado mbichi, na kila mguso ufute brashi.

Satini, mahameli, lesi

Nguo ndiyo iliyowauzia picha wachoraji wa aina hii, na mtu hujifunza mengi kwa kukaa nayo. Ivike kwenye sanamu ya fundi cherehani au kwenye kiti, ibane kwa pini, usiiguse tena hadi umalize. Mwilini mwa mtu mikunjo hubadilika kila anapovuta pumzi. Kila kundi la mikunjo limalizike kwa kikao kimoja.

Satini ina uso laini, kwa hiyo inarudisha mwanga kama kioo. Mng'ao wake ni mwembamba, mkali, uko juu ya mgongo wa mkunjo, na pembeni mwake rangi inashuka ghafla. Ndani ya mkunjo kuna mwanga wa pili, wenye joto, unaotoka kwenye kitambaa chenyewe. Mng'ao usiwe nyeupe tupu: linganisha na dirisha, mara nyingi una ubluu. Satini ya kijivu kando ya kiti chekundu lazima ibebe wekundu upande huo, la sivyo nguo na kiti vinaonekana viko vyumba tofauti.

Mahameli ni kinyume. Nyuzi zake zimesimama, zinameza mwanga unaoingia moja kwa moja na kuushika unaopita kwa ubavu. Kwa hiyo katikati ya mkunjo ni giza na ukingoni ndiko kunakong'aa. Kwa kiti cha mahameli nyekundu, chora kwanza kwa siena na nyekundu ya kadmi, acha kikauke wiki moja au mbili (pwani msimu wa masika inaweza kuzidi), kisha pitisha utando wa alizarini yenye mafuta kidogo, ufute kwenye kingo. Kina hicho hakipatikani kwa kuchanganya rangi paletini.

Lesi isichorwe tundu kwa tundu. Weka kwanza rangi ya kilicho chini yake, ikauke, halafu chora maua ya lesi pale tu mwanga unapogonga. Upande wa kivuli acha madokezo mawili matatu.

Chumba kinachorudi nyuma

Kadiri kitu kilivyo mbali nyuma ya mwanamke, kingo zake zilainike na tofauti ya giza na mwanga ipungue. Kioo cha ukutani kina kanuni yake: kitu kilicho sentimita 40 mbele ya kioo kinaonekana sentimita 40 nyuma yake, na kinakuwa na giza kidogo kuliko chenyewe. Pitia mistari yote ya wima, milango, fremu na pazia, kwa timazi, mara moja ya mwisho.

Baadhi ya sehemu zitafifia na kukosa mng'ao kwa sababu tabaka la chini limenyonya mafuta, hasa amba na nyeusi. Usiongeze giza kwa kubahatisha. Ngoja zikauke, paka mafuta ya kitani yaliyochanganywa nusu kwa nusu na tapentaini, utando mwembamba sana, kisha futa karibu yote. Rangi halisi itarudi, ndipo uamue.

Vanishi

Subiri miezi sita hadi kumi na miwili. Tumia vanishi ya sintetiki inayoweza kuondolewa, asubuhi isiyo na mvua, picha ikiwa imelala mezani. Ukipaka hewa ikiwa na unyevu mwingi, vanishi hupata utando wa ukungu mweupe. Ukutani, weka vipande vya kizibo nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite, na usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje. Kanvasi ikilegea wakati wa masika, usikimbilie kugonga kabari (vipande vya mbao vya kukazia kwenye pembe za fremu): ngoja kiangazi, kwa kuwa mara nyingi hukaza yenyewe, na iliyokazwa ikiwa na unyevu huweza kuvuta rangi ipasuke ikikauka.